Reale ya Sham na Hela ya Mjerumani: Mashindano ya Wazee wa Buigiri

Ndugu msomaji, huenda nyumbani kwako, ndani ya kasha la bibi, chini ya kanga zilizokunjwa na kipande cha udi, imo sarafu kubwa ya fedha yenye sura ya mwanamke mnene aliyejitanda utaji. Wazee wetu wa pwani waliiita reale ya Sham. Wengi tumeiona tangu utotoni, tukaichezea, tukanyang'anywa, wala hatukupata kuuliza yule mwanamke ni nani na amefikaje kwenye kasha la bibi.

Mimi sikuyajua hayo pwani nilikozaliwa. Niliyajua bara, katika kijiji cha Buigiri, nchi ya Ugogo, karibu na Chamwino, upande wa mashariki wa mji wa Dodoma. Nilikaa huko miaka kadhaa nikisomesha watoto, na jioni nikikaa barazani na wazee watatu ambao leo napenda uwajue, ingawa majina yao nitayaacha, maana wao wenyewe hawakupenda kutajwatajwa.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka, Mwislamu, ambaye babu yake alipanda kutoka Bagamoyo zama za misafara. Wa pili alikuwa Mgogo, Mkristo, aliyestaafu kazi ya reli. Hawa wawili walikuwa wakikusanya sarafu za kale za Wazungu, na walishindana kama watoto wanaoshindana kwa gololi. Kila mmoja na bweta lake, na kila mmoja akidai bweta la mwenzake limejaa misumari. Wa tatu alikuwa mwamuzi wao, naye haoni. Alisoma katika shule ya wasioona ya hapo hapo Buigiri, na vidole vyake vilivyozoea kusoma nukta vilisoma sarafu vizuri kuliko macho yangu.

Sharti la mashindano yao lilikuwa hili: hakuna sarafu inayohesabiwa mpaka aliyeileta aeleze imetoka wapi na imefikaje. Akishindwa, sarafu inarudi mfukoni, na yeye ndiye anayenunua kahawa. Kwa sharti hilo, ndugu msomaji, nilisoma tarikhi ambayo sikuipata darasani.

REALE YA SHAM NA REALE YA MZINGA

Yule mwanamke wa utaji ni Maria Theresa, aliyetawala Austria tangu 1740 hata alipokufa mwaka 1780. Utaji ule ni wa ujane, kwani mumewe alitangulia kufa, mwaka 1765. Sarafu yake ina uzito wa gramu 28 na kidogo, na katika kila sehemu sita za uzito huo, tano ni fedha safi. Wafanyabiashara waliichukua kununulia kahawa ya Yemen, ikaenea Hijazi, Uhabeshi, Omani, hata Unguja na Lamu. Watu wakaizoea na kuiamini kiasi cha kwamba alipokufa malkia hapana aliyetaka sarafu nyingine. Basi wakaendelea kuipiga na mwaka ule ule wa 1780. Katika karne ya ishirini imepigwa hata Rome, London, Paris, Brussels na Bombay, na zote zimeandikwa 1780. Huko Omani ilitumika sokoni mpaka mwaka 1970.

Kwa hiyo, ukiona mwaka 1780 usikimbilie kusema bibi yako ana sarafu ya miaka mia mbili na zaidi. Huenda imepigwa bibi akiwa mwanamwali.

Wenzetu wa zamani walikuwa na njia yao ya kuikagua. Kifuani pa malkia kuna kipini chenye lulu tisa. Waliokuwa wakiipokea walizihesabu lulu; zikipungua au zikiwa hazionekani, sarafu waliikataa. Mzee wetu asiyeona alizihesabu kwa ncha ya kidole, kisha akapitisha ukucha ukingoni, kwani ukingoni pameandikwa maneno ya Kilatini, halafu akaidondosha juu ya jiwe asikie mlio wake. "Hii ni fedha," husema. Au husema, "Hii ni bati, mnunulie mwenzako kahawa."

Ilikuwapo na reale nyingine, reale ya mzinga. Hiyo ni ya Wahispania. Juu yake zimechorwa nguzo mbili, na watu wetu walipoziona wakaona mizinga miwili, wakaiita kwa walichokiona. Mzee mwenye duka alikuwa nayo moja, imechakaa sana, na ilimpa ushindi wa miezi mingi mpaka mwenzake akachoka kuisikia.

PESA YENYE HERUFI ZETU

Huenda utauliza, je, sarafu hizo zilitumika Ugogo zama za misafara? Jawabu ni kwamba hazikutumika sana. Msafara ulipotoka Bagamoyo kwenda Tabora ulipita Mpwapwa, ukakata nyika kavu ya Marenga Mkali, ukaingia Ugogo. Huko watemi walitoza hongo, kwani maji na chakula vilikuwa vyao, na hongo ililipwa kwa nguo za merikani na kaniki, kwa shanga na kwa nyaya za shaba. Reale ilibaki pwani kwenye madaftari ya matajiri, na iliyopanda bara mara nyingi iliishia kwa mhunzi ikawa kikuku.

Sarafu ilipanda bara na Mjerumani. Mwaka 1890 kampuni ya Wajerumani ya Afrika Mashariki ilitoa rupia ya fedha, yenye uzito sawa na rupia ya Kihindi iliyokwisha zoeleka pwani. Upande mmoja ina sura ya Kaizari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya vita yenye tai juu yake, na upande wa pili simba na mtende. Ikatoa na pesa ya shaba, pesa 64 kwa rupia moja.

Siku moja yule mzee wa reli aliniwekea pesa moja kiganjani, akaniambia, "Haya Mwalimu, wewe uliyesoma, isome." Upande mmoja tai wa Kijerumani. Nikageuza. Upande wa pili nikaona herufi za Kiarabu: Sharakat Almania, na mwaka 1307, wa Hijra. Nilinyamaza kidogo. Mkoloni alipokuja na nguvu zake zote alilazimika kuandika kwa herufi za chuoni, kwa sababu ndizo watu wa pwani walizozisoma. Anayesema kwamba mababu zetu walikuwa hawajui kusoma mpaka Mzungu alipokuja, mpe pesa ya mwaka 1307 aitazame. Mjerumani mwenyewe amemjibu.

Vivyo hivyo pesa ya Seyyid Barghash wa Unguja, ya mwaka 1299, ambayo ni 1882. Hiyo ina picha ya mizani. Mtawala angeweza kuweka jambia au jahazi. Mfanyabiashara akawa anashika mizani kila anaposhika pesa.

HELA, KODI NA RELI

Neno hela tunalitamka kila siku, na wachache wanajua kwamba ni jina la sarafu ya Kijerumani, Heller. Mwaka 1904 serikali ya Kijerumani ilishika yenyewe mambo ya sarafu, ikafuta hesabu ya pesa 64, rupia ikawa hela 100. Dola ile haipo zaidi ya miaka mia moja sasa, lakini mtoto wa Mtwara au wa Mwanza akiomba ya daftari husema, "Baba, nipe hela." Nazo zile za tundu katikati, za hela tano na za hela kumi, zilipendwa kwa kuwa mtu alizitunga kwenye uzi akazivaa shingoni zisipotee.

Sasa nini kilimfanya Mgogo, mwenye ng'ombe wake na mtama wake, aitafute rupia? Ni kodi. Tangu mwaka 1898 ilitozwa kodi ya nyumba, na shambani nyumba ilitozwa rupia tatu. Ng'ombe halipi kodi mpaka auzwe, na asiye na ng'ombe huuza nguvu zake. Reli ilianza Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Morogoro 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914. Maelfu ya watu waliijenga kwa mikono wakilipwa rupia na hela, na sehemu ya malipo hayo ikarudi serikalini kwa njia ya kodi. Mzee wa reli alikuwa akisema, "Ile ndiyo treni ya kwanza: rupia inakwenda, rupia inarudi."

SHABA YA MWAKA WA MTUNYA

Vita vya kwanza vya dunia vilipoanza, Waingereza waliizunguka pwani kwa manowari, sarafu zikawa haziji tena kutoka Ulaya. Mwaka 1916 Wajerumani wakapiga sarafu zao wenyewe Tabora, katika karakana ya reli. Walipiga za dhahabu za rupia 15, zaidi ya elfu 16 kwa idadi, zenye picha ya tembo aliyeinua mkonga mbele ya mlima. Dhahabu yake ilitoka machimbo ya Sekenke. Na kwa watu wa kawaida wakapiga hela 5 na hela 20 za shaba, nyepesi za kazi, zimeandikwa herufi T ya Tabora. Tarehe 19 Septemba mwaka huo huo Tabora ikachukuliwa na Wabelgiji. Dodoma ilikwisha chukuliwa mwishoni mwa Julai na majeshi ya Waingereza yaliyotoka Afrika Kusini.

Katika bweta la mzee wa reli ilikuwamo hela 20 ya Tabora, mbaya, imekwaruzwa, picha yake nusu imefutika. Mwenye duka alikuwa na tatu zilizo nzuri kuliko ile. Akamwambia mara nyingi, kwa utani, "Mzee mwenzangu, itupe hiyo, nitakupa iliyo safi." Siku moja yule mzee akajibu, na hakutania.

Alisema kwamba bibi yake, mama wa baba yake, alikuwa na mbuzi. Askari wakaja wakawachukua, wakamwachia vipande vya shaba. Wakaja askari wa jeshi la pili, wakachukua nafaka. Kisha mvua zikakosa. Njaa ile Wagogo waliiita Mtunya, na ilidumu tangu 1917 hata 1920. Wenye ilimu ya tarikhi wamekadiria kuwa waliokufa katika wilaya ya Dodoma peke yake walifika kama elfu 30, na waliosalia wengi walitawanyika kutafuta chakula. Yule bibi alitembea na shaba zake kijiji hata kijiji, na hakupata wa kumuuzia hata kibaba. Alizika watoto wawili. Vile vipande vya shaba vikabaki, kwa kuwa havikuliwa na havikununua.

"Kwa hiyo hii siiuzi wala sibadilishi," alisema mzee, akaifunga kitambaani.

Mwenye duka aliondoka akaenda ndani, akatoka na birika. Siku ile kahawa alitengeneza yeye, ingawa hakushindwa.

Ndugu msomaji, tafakari. Sisi huona fedha ni ngome. Watu walikuwa na fedha halali ya serikali mikononi, na mtoto akafa kwa njaa. Fedha ni ahadi ya watu. Watu wakivunja ahadi, kinachobaki ni shaba.

KOSA LANGU

Sasa nikueleze langu, na sitajitetea. Ukikaa na wanaoshindana, nawe utashindana. Nikaanza kukusanya. Mwanzo moja mbili, kisha nikawa nikifika kijijini kwa shughuli ya maziko au ndoa, jicho langu linatafuta sarafu. Tunaisoma Suratut-Takaathur tangu utotoni, inayotuonya juu ya kushindana kwa wingi mpaka makaburini, na mimi niliisomesha asubuhi na jioni nikaenda kuhesabu bweta langu.

Mama mmoja mjane, kijiji cha jirani, alinionyesha sarafu ya mumewe. Nikaitazama, moyo ukaruka. Haikuwa rupia moja. Ilikuwa rupia mbili katika sarafu moja, kubwa, ambayo Wajerumani waliipiga miaka miwili tu, 1893 na 1894. Hata mabweta ya wazee wangu hayakuwa nayo. Akaniuliza, "Shehe, hii ni rupia?" Nikajibu, "Ni rupia." Sikusema uongo, na sikusema kweli. Nikampa shilingi elfu kumi, akashukuru.

Jioni nikaiweka juu ya mkeka barazani. Mzee asiyeona akaishika, akaipima kiganjani, akaizungusha. Wawili wale wakapiga kelele za furaha na wivu. Akawanyamazisha, akauliza, "Mwalimu, sharti unalijua. Imefikaje?" Nikaeleza. Akauliza tena, "Na yule mama ulimwambia ni nini?"

Sikuwa na jawabu. Mwenye duka akachukua reale ya Sham bwetani kwake, akanigeuzia ukingo. "Mwalimu, unajua haya maneno ya Kilatini maana yake nini? Ni haki na huruma. Malkia wa Wazungu kayaandika ukingoni mwa fedha. Nasi tuna Suratul-Mutaffifin nzima." Hakuongeza neno.

Mtume, sala na amani zimshukie, alitia mkono katika lundo la nafaka sokoni akakuta ndani mbichi na juu kavu, akamkemea muuzaji kwa kuficha. Mimi nilikuwa mnunuzi niliyeficha, nami ni mwenye kilemba.

Asubuhi nilimrudishia yule mama sarafu yake na kumweleza ni kitu gani. Alicheka, akasema, "Hela yako nimekwisha nunua mahindi. Ngoja mavuno." Nikamwambia ni halali yake. Tangu siku ile sikukusanya tena. Nilibaki kuwa mtazamaji, na mnywa kahawa.

MAMBO MATATU YA KUKUMBUKA

La kwanza, wako watu wanaozunguka mijini na vijijini wakidai kwamba rupia ya Mjerumani ina nguvu za ajabu, au kwamba iko hazina imefukiwa mahali na anayetaka atoe kwanza fedha za ganga na za kuchimbia. Familia zimeuza mashamba kwa ajili hiyo. Rupia ni gramu 11 na nusu na kidogo za fedha, haina jini ndani yake. Thamani yake ni fedha yake, na uchache wake kwa wanaoikusanya, basi.

La pili, anayeweka fedha ana haki juu yake. Nisabu ya fedha kwa hesabu ya wanazuoni wengi wa leo ni gramu 595. Reale moja ina fedha safi gramu 23 na kidogo. Kwa hiyo mwenye reale 26 kashani, zikapitiwa na mwaka, amefika nisabu. Rupia ina gramu 10 na zaidi kidogo ya nusu. Rupia 56 zinafika. Kusema "mimi nazipenda tu, sizitumii" hakumwondolei mtu robo ya ushuri. Mzee mwenye duka aliipima fedha yake kila Ramadhani mbele ya yule mwenzake Mkristo, na mwenzake ndiye aliyekuwa akimshikia mizani.

La tatu, wako wanaochukia kuiweka sarafu hiyo kwa kuwa ina sura ya mtu au alama ya Kizungu. Wakumbuke kwamba Waislamu wa mwanzo walinunua na kuuza kwa dinari za Rumi na dirhamu za Uajemi, zenye sura za wafalme, mpaka Khalifa Abdul-Malik bin Marwan alipotoa dinari ya maandishi matupu mwaka 77 wa Hijra. Wakumbuke na Watu wa Pango, waliomtuma mwenzao mjini na fedha yao anunue chakula. Wafasiri wanaeleza kwamba ilikuwa ile fedha ya kale iliyowajulisha watu wa mji kuwa hawa ni wa zama nyingine. Sarafu ya kale ni shahidi, na shahidi hatupwi.

Mzee mwenye duka alikwisha fariki, Mungu amrehemu. Katika wasia wake, ndani ya theluthi anayoruhusiwa mtu kuusia, aliandika kwamba reale ya mzinga apewe mshindani wake. Watoto walitekeleza. Mzee wa reli aliipokea, akaishika muda mrefu, akasema, "Sasa atanifunga nani?" Nilipopita Buigiri mara ya mwisho nilimkuta barazani na wajukuu wa marehemu, reale mkononi, akiwaeleza imetoka wapi na imefikaje babu yao alivyokuwa akieleza, bila kuruka neno.

Basi, ndugu msomaji, kabla hujampelekea sonara sarafu iliyo kashani, mwulize bibi imefikaje. Sonara atakupa bei ya uzito wake. Lililobaki analo bibi, na bibi hakai milele.

Wabillahi tawfiq.